Mabaka ya uso baada ya uzazi: je, naruhusiwa kutumia mkorogo?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Tangu nilipojifungua mtoto wa pili nimetokwa na mabaka meusi mashavuni na juu ya mdomo. Shoga yangu mwenye saluni alinichanganyia mkorogo, nikaupaka kwa miezi minane. Mabaka yalififia, uso wote ukawa mweupe, na mume wangu akafurahi. Sasa jirani yangu ameniambia kuwa mwanamke anayejichubua amelaaniwa, na kwamba hata singo, liwa na hina ni kubadili maumbile ya Mungu. Tangu siku hiyo sina raha, hata nikisimama kuswali. Je, nimelaaniwa? Udhu wangu ulisihi? Na nifanye nini kwa uso huu na kwa mume wangu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Binti yangu, jirani yako amekukusudia kheri, lakini amefunga katika fungu moja vitu ambavyo sheria imevitenga, na ndiyo maana moyo wako umeingia dhiki. Hadithi anayoielekea ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Masoud (r.a.), nayo inawataja kwa laana wanawake wanaochora miili kwa sindano na wanaochorwa, wanaonyonyoa nyusi, na wanaotengeneza mwanya katika meno kwa ajili ya uzuri, wenye kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Yashike maneno hayo, "kwa ajili ya uzuri", kwa sababu wanavyuoni waliyasimamia sana. Waliona kuwa anayelaumiwa si yule anayeondoa dhara iliyompata, bali ni yule anayeuchukua mwili uliosalimika akautia mabadiliko yenye kubaki kwa kutoridhika na alivyoumbwa.

Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akaweka pua ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Karibu zaidi na jambo lako ni kauli ya Bibi Umm Salama (r.a.), mama wa waumini, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, nayo wanavyuoni kadhaa wameipa daraja ya hasan: kwamba katika zama za Mtume (s.a.w.) mwanamke mwenye nifasi (damu ya baada ya kuzaa) alikaa siku arobaini, nao walikuwa wakijipaka nyusoni mwao warsi kwa sababu ya mabaka. Warsi ni mmea wa manjano unaotoka Yemen. Zingatia, binti yangu, kwamba maradhi unayoyalalamikia wewe leo waliyajua wanawake wa Madina baada ya kuzaa, wakayatibu, na wala hawakukatazwa. Basi kule kutaka mabaka yaondoke hakukuwa kosa hata kidogo.

Ama singo, liwa, dalia, hina, wanja na udi, asili yake ni halali. Mwenyezi Mungu anauliza katika Suratul Aaraf, aya ya 32, ni nani aliyeharimisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake, na Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi aliyoipokea Muslim kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo kila Alhamisi jioni mama yangu alikuwa akisugua kipande cha liwa juu ya jiwe, akidondoshea marashi ya mawaridi tone kwa tone mpaka kipatikane kile kiuji cha manjano hafifu, akajipaka usoni yeye na wifi zake. Singo yake aliitwanga kwa asmini, kilua, mlangilangi, mrehani na karafuu kidogo. Vitu hivi husugua taka, hulainisha ngozi na kuitia harufu nzuri, kisha mtu anabaki na rangi yake ileile. Hina nayo hukoza na kufifia. Kuviita hivi kubadili maumbile ni kuibana dini pasipobana. Ninachokutahadharisha ni piko, ile nyeusi inayotengenezwa kwa dawa ya kupakia nywele, maana huunguza ngozi ya baadhi ya watu na kuwaachia malengelenge na makovu. Na marashi makali yabaki nyumbani, kwa sababu zimepokewa hadithi zinazomkataza mwanamke kutoka amejitia manukato ili wanaume wasiokuwa maharimu wake wayanuse.

Sasa mkorogo. Huu ni mchanganyiko wa krimu mbili, tatu au zaidi, na mara nyingi hata anayeuchanganya hajui vilivyomo. Vinavyokutwa humo mara nyingi ni hidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi), ambavyo serikali yetu, kama Kenya na Rwanda, imevipiga marufuku katika vipodozi kwa kuwa ni viambata vya sumu. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, hupita kwa mama mjamzito ikamfikia mtoto tumboni, na humgusa hata mtoto anayelazwa kwenye shavu lililopakwa. Steroidi huikondesha ngozi, ikachanika michirizi na vidonda vikachelewa kupona. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila mwangalizi huweza kugeuka, ikaleta weusi wenye rangi ya buluu mashavuni, mbaya kuliko baka la kwanza na mgumu kuondoka. Katika darsa la akina mama niliwahi kumwona mwanafunzi ameshika msahafu, vidole vyeupe na vifundo vyake vyeusi tii, naye kila nilipomwelekea akivificha chini ya mtandio. Yule mama alikuja kujifunza kusoma, na nusu ya akili yake ilikuwa kwenye vidole. Nilihuzunika sana siku ile.

Kwa hiyo hukumu ya kujichubua kwa mkorogo ni kuwa haifai, na wanavyuoni wengi wa zama zetu wamekataza kuigeuza rangi ya mwili mzima isiyo na maradhi. Kwanza kuna madhara, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na Qurani imetukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Pili, kuikimbia rangi ya ngozi kana kwamba ni aibu ni jambo zito, kwani Mwenyezi Mungu ameitaja tofauti ya rangi zetu katika Suratur Rum, aya ya 22, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi: kutofautiana kwa ndimi zenu na rangi zenu ni katika ishara zake. Weusi huo huo ndio unaoikinga ngozi na jua hili letu la pwani.

Je, wewe umelaaniwa? Mimi sithubutu kulitamka hilo juu yako, wala jirani yako hakuwa na haki ya kulitamka. Laana iliyokuja kwa sifa ya jumla haimwangukii mtu kwa jina lake, sembuse mtu ambaye hakujua, aliyekuwa akitafuta dawa, na ambaye ameacha kupata raha tangu alipoambiwa. Omba msamaha, azimia kutorudia, na uswali kwa utulivu. Likibaki alama yoyote usoni, hilo ni jeraha la kutibiwa, si dhambi uliyoibeba.

Udhu wako ulisihi. Krimu inayonywewa na ngozi haizuii maji. Kinachozuia ni kitu chenye utando, kama rangi ya kucha, au liwa na singo vikikaukia usoni. Hivyo visafishe kwanza ndipo utawadhe.

Kuhusu uso wenyewe, nenda hospitali, na usikatishe kuupaka mkorogo peke yako kabla ya kumwona daktari, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi ikikatiwa ghafla huweza kuwaka, ikavimba na kuwasha, na wengi hurudia kupaka kwa sababu ya mateso hayo. Hospitali ya mkoa itakuelekeza kwa daktari wa ngozi, na ikihitajika rufaa, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi wa kanda yetu. Mweleze kila ulichopaka, chukua na kopo ukaonyeshe, na kama unanyonyesha usimfiche. Daktari akikuandikia dawa ya mabaka kwa kipimo na muda maalumu, hiyo ni tiba, nayo inaingia katika ruhusa ya Bibi Umm Salama niliyokutajia. Mabaka ya uzazi kwa wanawake wengi hufifia taratibu, na kujikinga na jua kwa mtandio mpana au krimu ya kuzuia jua husaidia sana.

Mumeo mweleze kwa upole, tena mwonyeshe majibu haya. Kujipamba kwa ajili yake ni ibada yenye malipo, lakini hakuna kumtii kiumbe katika jambo la kumuasi Muumba, na hana haki ya kudai rangi ambayo hukuwa nayo siku alipokuja kukuposa. Mkumbushe pia kwamba Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akisema anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Naye basi avae kanzu safi, apige mswaki, ajitie udi.

Kopo lililobaki, baada ya daktari kuliona, usimpe mtu wala usiliuze. Mwachie yeye, naye atajua pa kulipeleka. Na shoga yako mwenye saluni usimkate, bali mfikishie haya kwa wema, kwa sababu kila anayemchanganyia mteja mkorogo anabeba sehemu ya dhara yake, na riziki ya singo, hina na kusuka inamtosha.

Wallahu aalam.