Mbona taa zimeota ndevu? Maswali yenu kuhusu leza ya macho

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kando ya ziwa, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu asiyeona mbali akishafanyiwa leza, ataona kiasi gani? Tunaanza na barua ya malalamiko, maana ndiyo yenye mafunzo mengi.

Msambazaji wa bidhaa, Igoma: Nilikuwa navaa miwani ya −4.50 macho yote mawili. Nilifanyiwa LASIK, ile leza ya kifuniko, nje ya nchi, leo ni wiki ya sita. Nikipimwa nasoma mpaka mstari wa 6/6. Lakini nikirudi usiku kutoka Magu, taa za magari zimeota ndevu, na kila taa ina duara kama mwezi wenye ukungu. Nimeharibiwa macho?

Pole sana. Kwa unavyoeleza, hujaharibiwa. Ubao wa herufi hupima kitu kimoja tu: herufi nyeusi tii juu ya ubao mweupe pee, umbali wa mita 6, ndani ya chumba chenye mwanga. Ukisoma 6/6, maana yake kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 6, nawe unakisoma ukiwa mita 6. Ubao hausemi lolote kuhusu vumbi la Kisesa saa mbili usiku na lori linalokuja na taa kali.

Leza imepunguza mbinuko wa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, kwenye duara la katikati lenye kipenyo cha mm 6 hadi 6.5. Mchana mboni husinyaa, mwanga wote ukapita ndani ya duara hilo. Gizani mboni ya kijana inaweza kufunguka hadi mm 7. Mwanga unaopita pembeni, pale leza ilipoishia, hupindwa kwa kiwango kingine na kutawanyika kandokando ya picha halisi. Hizo ndizo ndevu. Mwenye −4.50 huziona zaidi kuliko mwenye −1.50, kwa sababu kwake kimeondolewa kingi na ukingo wa duara una mteremko mkali zaidi.

Wala hauko peke yako. Katika utafiti wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani uliochapishwa mwaka 2017, zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa LASIK waliridhika na uoni wao. Utafiti huohuo ulikuta kwamba kati ya watu ambao kabla hawakuwa na dalili yoyote, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau moja miezi mitatu baadaye, na iliyoongoza ni hayo maduara ya taa. Waliopata shida kubwa katika shughuli zao hawakufika asilimia 1. Matangazo hunukuu hiyo 95 na kuishia hapo.

Kabla hujarudi kliniki, jipime mwenyewe. Usiku, ukiwa umesimama mahali salama, tazama taa moja ya mbali. Tia tone moja la machozi bandia, pepesa macho mara tano, tazama tena. Ndevu zikipungua kwa dakika moja au mbili kisha zikarudi, shida kubwa ni ukavu. Halafu toboa kadi ngumu kwa sindano na uchungulie kwenye tundu hilo. Taa ikitulia na kuwa kidoti kimoja, basi huenda kuna namba kidogo iliyobaki, pengine −0.50, au ni ule mwanga wa pembeni tuliousema. Mwisho ziba jicho moja, kisha lingine. Tofauti kubwa kati ya macho mawili ni habari ambayo daktari wako ataitaka.

Ukavu hutokana na neva za konea zilizokatwa wakati wa kufungua kifuniko, yaani utando mwembamba wa konea unaokatwa na kufunuliwa ili leza ipige chini yake. Huchukua miezi 6 hadi 12 kuota tena, na katika muda huo jicho halihisi vizuri kwamba limekauka. Tumia machozi bandia yasiyo na kihifadhi mara 4 hadi 6 kwa siku, na usilale feni ikikupuliza usoni. Maduara kwa wengi hupungua kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Yakibaki, miwani nyepesi ya kuendeshea usiku huwatosha wengi. Kufanyiwa leza mara ya pili wiki ya sita ni haraka mno; namba bado inacheza.

Na jambo moja tunalisema kwa ukali: usinunue dawa ya matone yenye steroidi duka la dawa kwa sababu tu "ilimsaidia jirani". Hupandisha presha ya jicho kimyakimya.

Mhasibu, Geita: Namba yangu ni −9.00 na konea yangu ina unene wa maikroni 490 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kliniki moja imesema LASIK inawezekana, nyingine imekataa. Nimwamini nani?

Aliyekataa. Hesabu yenyewe unaweza kuipiga nyuma ya risiti. Zidisha kipenyo cha eneo la leza kwa chenyewe, gawanya kwa 3, utapata maikroni zinazoondolewa kwa kila dayopta moja, yaani namba 1.00 ya miwani. Kwa mm 6.5: 6.5 × 6.5 ni 42.25, gawanya kwa 3, unapata kama 14.1. Mara 9, ni 127. Kifuniko cha LASIK kina unene wa maikroni 110 hivi. Basi 490 − 110 − 127 = 253.

Kanuni ya siku nyingi inataka zibaki angalau maikroni 250 chini ya kifuniko. Kliniki ya kwanza imeipita kwa maikroni tatu, na kifuniko chenyewe kinaweza kukatwa kinene kuliko kilivyopangwa kwa zaidi ya hapo. Kuna na kipimo cha pili. Jumlisha kifuniko na kilichoondolewa, 237, uone ni sehemu gani ya 490: asilimia 48. Ikifika 40, hatari ya konea kulegea na kutokeza mbele hupanda. Ikishalegea, miwani ya kawaida haitakupa uoni uliokuwa nao zamani.

Wapo watakaokuambia wapunguze kipenyo kiwe mm 6. Kwa hesabu ileile ni maikroni 12 kwa dayopta, unaokoa 19, kisha unajiunga na msomaji wetu wa Igoma kwenye ndevu. PRK, leza inayopigwa juu ya konea baada ya kuondoa ngozi yake ya juu, haina kifuniko, lakini kwa namba kubwa hivyo hatari ya ukungu kwenye konea na ya namba kurudi ni kubwa. Ulizia lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, mbele ya lenzi yako ya asili. Haigusi unene wa konea na inaweza kutolewa. Inachotaka ni nafasi ya kutosha mbele ya lenzi, angalau mm 2.8 hadi 3.

Na hata ukishaona vizuri, jicho lako linabaki refu na retina yake, utando wa nyuma unaopokea picha, inabaki imevutika. Ukiona vimulimuli vya ghafla, mvua ya vidoti vyeusi au pazia linaloshuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Fundi cherehani, Mlango Mmoja: Nina miaka 44, namba −2.25. Nimechoka na miwani. Nikifanya leza nitaitupa?

Mama, utaitupa moja na kununua nyingine. Gawanya 1 kwa 2.25: ni sentimita 44. Hapo ndipo jicho lako linapoona vizuri bila miwani wala jitihada, na hapo ndipo sindano yako ilipo. Wenzako wa umri wako wanahangaika kutunga uzi, wewe unavua miwani tu. Leza ikikupa 6/6 utaiona daladala ya mbali bila shida, lakini kitambaa kitakutaka miwani ya kusomea, kuanzia +1.00 au +1.50, na itaendelea kupanda hadi kama +2.50 ukikaribia miaka 60. Leza ya konea hairudishi unyumbufu wa lenzi ya ndani.

Ipo njia ya kati: jicho lenye nguvu linafanywa lione mbali, lingine linaachiwa −1.25 hivi kwa ajili ya karibu. Wengine huizoea, wengine hukosea makadirio ya umbali kwenye ngazi. Lazima uijaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho, angalau wiki moja, ukiwa kwenye cherehani yako mwenyewe. Kwa kazi yako sisi tungekushauri usifanye.

Mchuuzi wa dagaa, Mwaloni Kirumba: Nikifanyiwa leza nitarudi kazini baada ya muda gani? Kazi yangu ni maji, kamba na jua.

Kwa kazi ya kamba tungechagua PRK kuliko LASIK. Kifuniko cha LASIK hakishiki tena kwa nguvu ya awali, na pigo la kamba au kidole linaweza kukisogeza hata baada ya miaka. PRK inauma zaidi: siku tatu za kwanza machozi na mwanga mkali, lenzi ya kinga inatolewa siku ya 4 au ya 5 ngozi ya juu ikishaota, na uoni unatulia ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Usiahidi mtu kwamba Jumatatu utakuwa sokoni.

Maji ya ziwa yasiingie machoni kwa wiki nne. Amiba wa maji baridi wanaweza kuingia kwenye konea yenye kidonda, na kuwatoa ni kazi ya miezi. Miwani ya jua yenye kinga ya mionzi uivae kila utokapo, miezi mitatu ya kwanza bila kukosa, kwa sababu mionzi ya jua huongeza ukungu kwenye konea inayopona, na ziwa linairudisha kutoka chini pia. Wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi, wakikuingia jichoni usifikiche. Suuza kwa machozi bandia. Maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, jicho likiwa jekundu na uoni ukishuka, hiyo ni dharura.

Mwanafunzi, Malimbe: Shikamooni. Nina miaka 19. Macho yananiwasha tangu utotoni. Mwaka jana nilikuwa −3.00, sasa −4.00, na astigimatizimu (konea kutopinda sawa pande zote) imeongezeka. Nifanye leza sasa kabla haijazidi?

Marahaba. Usifanye. Namba iliyoruka dayopta nzima kwa mwaka haijatulia. Hutakiwa isibadilike zaidi ya 0.50 kwa miezi 12. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni huo muwasho. Kufikicha macho miaka mingi kunahusishwa na konea kuchongoka kama pia ya kuchezea, na dalili yake mara nyingi ni hiyohiyo astigimatizimu inayopanda. Leza kwenye konea ya namna hiyo ni kubomoa nguzo ya nyumba iliyokwisha kuinama. Omba upigwe ramani ya konea, mbele na nyuma. Tibu mzio, acha kufikicha kabisa. Ikithibitika, kuna tiba ya kuikaza kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, na kila mwezi unaochelewa una hasara.

Mstaafu, Bukoba: Nilifanyiwa LASIK zamani. Baba yangu alipofuka kwa presha ya macho. Nimepimwa nikaambiwa yangu ni 14, safi. Niridhike?

Usiridhike bado. Kifaa hupima presha kwa kusukuma konea, na yako imepunguzwa unene, hivyo husukumika kirahisi na namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Mwambie kila anayekupima kwamba ulifanyiwa leza, kisha omba achunguze mshipa wa fahamu wa jicho na upimwe upana wa uoni. Tafuta pia karatasi zako za kabla ya leza: namba ya miwani, mbinuko na unene wa konea. Siku ukitolewa mtoto wa jicho, lenzi ya kupandikiza ikikokotolewa kana kwamba konea haijaguswa, utabaki huoni karibu bila miwani nene, na mbali nako kutakuwa na ukungu.

Mzazi, Nyakato: Mimi na mume wangu tumefanya leza. Watoto hawatarithi?

Wanaweza kurithi, leza imegusa konea zenu tu. Wapeni watoto saa mbili za kucheza nje mchana kila siku, na mwapime macho kabla ya darasa la kwanza.