Usigeuze tofauti: kosa lililonitoa machozi kwenye TFC yangu

Juzi usiku umeme ulikuwa umekatika huku kwetu Himbi, mtaa wa Goma, nami nimekaa na mshumaa, ujumbe ukaingia kutoka Bukavu. Ni kijana wa kemia, anatengeneza sabuni ya mawese kwa ajili ya TFC yake, yaani kazi ya kumaliza masomo ya chuo. Laboratori iliyompimia sampuli ilimtumia karatasi ya spektra ya infraredi, mchoro unaoonyesha ni wapi sampuli inameza mwanga usioonekana kwa macho, naye akaipiga picha. Chini yake akaandika: "Dada mkubwa, kilele cha mafuta kiko kwenye 1743 cm⁻¹, cha sabuni kiko kwenye 1560. Tofauti ni 183, yaani mikromita 54.6. Niko sawa?"

Nilishindwa kumjibu palepale. Hesabu hiyo naijua. Niliifanya mwenyewe, mbele ya juri, miaka tisa iliyopita.

TFC yangu ilihusu mazuku. Kwa msiokaa huku: mazuku ni gesi ya kaboniki, CO₂, inayotoka ardhini na kutulia kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa upande wa Goma kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, haina harufu. Mbuzi anashuka kula majani asubuhi na hapandi tena. Watu pia wamekufa hivyo. Nilikua nikisikia mama akituita tusicheze kwenye mashimo yale, kwa hiyo nilipopata nafasi ya kueleza jinsi gesi hiyo inavyopimwa, niliishika kwa mikono miwili.

Kipima gesi cha infraredi ni kitu rahisi ukikifungua. Kuna bomba dogo, taa upande mmoja, kipokea mwanga upande wa pili, na mbele ya kipokea mwanga kuna chujio, kipande cha kioo kidogo kama ukucha. Chujio hilo linapitisha mwanga wa karibu mikromita 4.26 tu, kwa sababu hapo ndipo CO₂ inapoumeza mwanga kwa nguvu. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya hewa, hazimezi chochote pale. Hata methani ya ziwa letu Kivu inameza kwingine, karibu na mikromita 3.3. Mpaka leo napenda kulieleza hilo.

Karatasi ya chujio ilisema: katikati 4.26, upana 0.18, zote mikromita. Mmoja wa juri akauliza, kwa upole kabisa: "Huo upana ni sentimita ngapi kwa uwezo wa hasi moja, yaani cm⁻¹ ngapi?" Nikagawa 10,000 kwa 0.18 ubaoni. Nikaandika 55,556 cm⁻¹ na kugeuka nikiwa na tabasamu.

Akasema, "Mwanangu, infraredi ya kati yote inaanzia 400 na kuishia 4000. Chujio lako limetoka infraredi, likapita mwanga wa macho, liko ultravayoleti." Ukumbi ukacheka. Wasichana tulikuwa wawili tu katika promosheni nzima, na kicheko kile nilikisikia kwa muda mrefu kuliko walivyocheka. Nilipewa alama za kupita. Sikusherehekea.

Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari mpaka nikaelewa. Urefu wa wimbi ni kama urefu wa hatua yako. Namba ya wimbi, ile ya cm⁻¹, ni idadi ya hatua ndani ya sentimita moja. Hatua ikiwa fupi, idadi inakuwa kubwa. Sentimita moja ina mikromita 10,000, ndiyo maana unagawa 10,000 kwa moja ili kupata nyingine. Lakini hiyo ni kwa mahali, kwa nukta moja kwenye mstari. Upana si mahali. Upana ni tofauti ya mahali pawili, na tofauti haigeuzwi.

Geuza kwanza kingo, kisha toa. Chujio langu lilianza 4.17 na kuishia 4.35. Kingo zinakuwa 2398 na 2299. Toa: 99 cm⁻¹. Ndilo jibu nililopaswa kuandika.

Wengi mnaniuliza kwa nini tusitumie kipimo kimoja tu. Wauza machujio wanasema mikromita. Wenye spektra wanasema cm⁻¹, kwa kuwa namba ya wimbi inakwenda sawa na nishati: ikiongezeka mara mbili, nishati nayo mara mbili. Urefu wa wimbi unakwenda kinyume. Ndiyo maana pia karatasi ya spektra kwa kawaida inaanza na 4000 kushoto na kushuka hadi 400 kulia. Tazama mhimili kabla ya kutazama vilele. Tazama kipimo. Vijana wangu, mnakimbilia vilele kama watu wanaokimbilia sambaza, samaki wadogo wa ziwa, pale Kituku boti zinapofika, na kipimo kimeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo hamkisomi. Someni kipimo. Andikeni kipimo kila mstari wa hesabu, hata kama mwalimu haombi. Mimi sikuandika, nikalipa.

Kijana wa Bukavu nilimjibu asubuhi. 1743 ni mikromita 5.74, na 1560 ni 6.41. Tofauti ni 0.67, wala si 54.6, mikromita 54.6 iko nje kabisa ya karatasi yake, ambayo inaishia 400 cm⁻¹, yaani mikromita 25. Baada ya nusu saa akanitumia ukurasa mpya, safi, kipimo kimeandikwa kila mstari. Nikaikuza tena ile picha yake ya kwanza. Kwenye 1743 ya sampuli ya sabuni kuna kilele kidogo bado kimesimama, na hapo ni mahali pa mafuta. Nimemwambia arudie kuchemsha, apime upya soda kostiki yake, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa sababu mawese yake hayajageuka yote kuwa sabuni.