Muulize Mzee wa Santuri: Platinamu ya 1974

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni seremala wa Shella, Malindi. Kuna nyumba ya Mtaliano kule Casuarina inauzwa, na vyombo vinatolewa. Ukutani nimeona fremu yenye santuri ya rangi ya fedha na kibati kinachosema kwa Kiingereza kuwa ni tuzo ya platinamu ya RIAA, nakala milioni 1 za albamu, mwaka 1974. Mlinzi ataka shilingi 40,000. Nichukue? Na je, madini yake yanayeyushwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza zima huo moto. Mle ndani hamna platinamu. Ni santuri iliyopakwa rangi au kuchovywa metali kidogo, basi.

Tena mara nyingi si albamu iliyoandikwa. Watengenezaji walichukua santuri yoyote iliyokuwa karibu, wakaipa rangi, wakabandika lebo juu. Imulike kwa tochi uhesabu mianya kati ya nyimbo. Lebo ikitaja nyimbo 10 na santuri ikaonyesha 6, usipige kelele kuwa ni feki. Hata za halali ziko hivyo.

Kinachonitia shaka ni tarehe. RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, kilianza kutoa tuzo ya dhahabu 1958. Platinamu kiliianzisha 1976. Sasa hiyo ya 1974 ilitoka wapi? Kampuni zilikuwa zikijitengenezea tuzo zao za ndani, lakini hizo hazibebi jina la RIAA. Kwangu mimi hiyo ni ya kughushi, na nisingetoa hata robo ya bei hiyo.

Ukikutana na ya kweli siku nyingine, soma mstari wa "imetolewa kwa". Tuzo moja hutengenezwa fremu nyingi: msanii, prodyusa, kituo cha redio, hata mwenye duka alipata yake. Ya msanii mwenyewe ndiyo wanunuzi huipigania, hasa ikiwa na picha ya siku aliyokabidhiwa. Na usidharau tarakimu ndogo. Waingereza wana chama chao cha kampuni za kurekodi, BPI, kilichoanza kutoa tuzo 1973: albamu kwao hupata tuzo ya fedha (silva) kwa nakala 60,000, dhahabu kwa 100,000 na platinamu kwa 300,000.

Kuitunza hapa kwetu ni kazi. Chumvi ya bahari hula kibati, unyevu huvimbisha karatasi ya nyuma, jua hufifiza lebo. Itundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha la baharini, na fremu usiifungue: ikishafunguliwa, mnunuzi atauliza kilichobadilishwa.

Kama mbao na kioo vya hiyo fremu vimekupendeza, wewe fundi wajua thamani yake, lipa hiyo tu. Lakini huyo mlinzi auza kwa idhini ya nani? Taka karatasi yenye sahihi ya mwenye nyumba kabla hujaibeba getini.