Usizime mashine kabla ya gati, usukani utakufia mkononi

Mkuu, subiri. Hiyo safari ya Jumamosi usiianze kabla hujanisoma.

Umeuliza usukani una kazi gani hasa, wa boti na wa ndege unatofautianaje, na hilo bapa jipya ulichonge kwa mbao au ununue la faiba. Waliotangulia wamekujibu kistaarabu. Ila hakuna aliyeiona sentensi yako ya mwisho, kwamba ukikaribia gati utazima mashine mapema, uache boti iteleze, umalizie kwa usukani. Mimi sentensi hiyo nimeshailipia, tena si boti yangu peke yake, nimelipa na ya jirani.

Usukani ni bapa lililosimamishwa nyuma ya chombo, basi. Halina nguvu yake lenyewe. Ukizungusha gurudumu au ukisukuma kana, yaani ule mpini wa usukani, unalikingamisha bapa kwenye maji yanayopita. Maji yanalipiga, yanaisukuma tezi, yaani nyuma ya boti, upande mmoja, na omo, yaani mbele yake, inaelekea upande wa pili. Maji YANAYOPITA. Yakiwa hayapiti, zungusha gurudumu mpaka ulitoe na kuondoka nalo nyumbani, boti haina habari na wewe. Na nguvu hiyo haipungui kwa adabu: mwendo ukishuka kwa nusu, usukani unabakiwa na robo tu ya nguvu yake. Kwa hiyo pale karibu na gati, unapouhitaji kuliko wakati mwingine wowote, ndipo unapokuwa dhaifu kabisa. Nawe unataka kuuzimia na mashine!

Aliyenifundisha ujinga huu ni yule aliyeniuzia boti. Kofia nyeupe, sauti nzito, anajiita nahodha. "Zima mapema mdogo wangu, boti hii inajipeleka yenyewe." Ikajipeleka kweli. Siku hiyo mkondo ulikuwa unatusukuma kwa nyuma. Naangalia gati linakuja mbio, moyoni nasema mwendo ninao, usukani utafanya kazi. Kumbe tunabebwa! Boti na maji vilikuwa vinakwenda sawasawa, kwa hiyo pale kwenye bapa hapakuwa na maji yoyote yanayopita. Nikakata kushoto, kimya. Nikamaliza gurudumu lote, kimya.

Nikapaniki, nikawasha, nikatia rivasi kwa nguvu zote. Hapo ndipo nilipomalizia maafa. Propela ikienda mbele inarusha maji moja kwa moja juu ya bapa, na hiyo ndiyo pumzi ya usukani. Ukitia rivasi inayarusha kuelekea mbele, bapa linabaki na maji ya kuvutwavutwa yasiyo na msaada. Tena propela inayozunguka kulia, kama yangu na kama za boti nyingi, ikienda rivasi inaivuta tezi kushoto, utake usitake. Kushoto kulikuwa na boti ya mtu, rangi haijakauka vizuri. Usukani wangu ulining'inia nje ya tezi, kwa hiyo ndio uliotangulia kumsalimia: bapa likapasuka, bawaba ya juu ikang'oka, kisha kona ya tezi ikamtoboa ubavu. Nampigia simu kofia nyeupe, ananijibu eti nilitakiwa kuisikia boti. Niliisikia, mzee! Hata waliokuwa nchi kavu waliisikia.

Sasa shika hili moja tu, mengine yote sahau: bapa lipate maji wakati wote. Mashine iwe hai mpaka kamba zimefungwa. Njoo ukiwa umeuelekea mkondo, au upepo kama ndio wenye nguvu siku hiyo, ili uende taratibu ukilitazama gati huku maji bado yanapita kwenye usukani. Boti ikianza kukupuuza, weka usukani upande unaoutaka KWANZA, halafu gusa mafuta ya mbele kidogo, sekunde moja au mbili, na uachie. Tezi itahama kabla boti haijapata mbio. Ukianza na mafuta, usukani ukafuata, umejirusha tu kwenye gati. Wala usijidanganye kwamba ukiukunja zaidi utapata zaidi. Meli nyingi usukani unakomea nyuzi 35 kila upande, maana ukipita hapo maji yanaachana na bapa na unachopata zaidi ni breki.

Wakubwa nao hawakusamehewa. Titanic ilikuwa na propela tatu, na ile ya katikati, iliyokaa mbele ya usukani, ilizungushwa na tabo, yaani injini ya mapanga yanayosukumwa na mvuke, isiyoweza kurudi nyuma. Kwa hiyo ukiamuru rivasi kwenye meli ile, propela pekee inayolipulizia bapa maji inasimama, na unabaki na mwendo uliobaki tu.

Ndege? Ni yaleyale, weka hewa mahali pa maji. Bapa liko kwenye mkia uliosimama, rubani analisukuma kwa pedali. Watu wanadhani ndilo linaloigeuza ndege. Ndege inageuka kwa kulaza mabawa, usukani unazuia pua isiende kombo. Ndugu wawili wa Wright waliligundua hilo kwa taabu mwaka 1902, wakaondoa mkia usiosogea kwenye glaida yao, ndege isiyo na injini, na kuweka unaosogea. Na injini ya upande mmoja ikifa, pedali ndiyo inayoiweka ndege kwenye mstari, ilimradi mwendo upo. Ndege ikianza tu kukimbia uwanjani inaongozwa kwa magurudumu, kwa sababu hiyohiyo: bapa bado halijapata hewa. Hewa ikiwa nyingi, nayo ni hatari ya upande wa pili. Novemba 12, 2001, Airbus A300 iliyoruka kutoka New York iliingia kwenye msukosuko wa hewa wa ndege iliyoitangulia, rubani msaidizi akakanyaga pedali kushoto na kulia kupita kiasi, mkia ukakatika. Walikufa watu 265. Wewe tatizo lako ni la mwendo mdogo, sitaki nikuchanganye.

Kabla ya Jumamosi nenda kwenye maji wazi, tupa dumu tupu lenye kamba na jiwe, lifanye ndio gati. Liendee mara mkondo ukiwa mbele yako, mara ukiwa nyuma. Kila mara punguza mwendo kidogokidogo mpaka uone omo haikujibu tena, ukumbuke ni mwendo gani. Kisha rudi hapa uniambie. Na kama aliyekushauri uzime mapema anavaa kofia nyeupe, nitumie namba yake inbox.