Kiki haipigi? Acha kuongeza, anza kukata

Machalii niaje. Juzi dogo mmoja kaja geto hapa Sakina na laptopu yake, analalamika kiki, yaani ule mdundo mzito wa ngoma kwenye biti, haipigi. Nafungua projekti nakuta kwenye ikwalaiza (ile ya kupandisha au kukata sauti nene na nyembamba) kiki kaipandisha desibeli 12 kwenye hezi 60 (desibeli ni ukubwa wa sauti, hezi ni unene wake, namba ndogo ndo sauti nene), besi nayo kaipandisha 9 palepale, halafu kule mwisho limita, ile inayozuia sauti isizidi kiwango, inahema kama imepanda Meru. Nikacheka sana maana hayo madudu nimeyafanya mimi mwenyewe miaka kibao.

Mimi lilinikuta kwenye hiace. Biti kwenye hedifoni ilikuwa moto, nikampa konda flashi aipige, kufika Sanawari spika za nyuma zikaanza kukoroma brrrr, kiki huisikii, unasikia bati tu. Mama mmoja akasema, "We konda, zima hiyo redio, imekufa." Redio ilikuwa nzima kabisa.

Shida ni kwamba kiki na besi zote zinagombania hezi 50 mpaka 100, ukizipandisha zote hakuna inayoshinda. Siku hizi nachagua mmoja wa kukaa chini kabisa, tuseme kiki ikae 55, basi besi naichimbia kashimo ka desibeli 3 hapohapo, na kiki naipunguza kidogo karibu na 100 besi ipumue. Na hii fanya vyote viwili vikiwa vinalia pamoja, kiki ukiisolo, yaani ukiisikiliza peke yake, itakudanganya tu.

Halafu kuna ile sauti ya kugonga boksi, mara nyingi iko 250 mpaka 400. Tengeneza kilima chembamba kwenye ikwalaiza, kipandishe, kitembeze taratibu, pale panapokera zaidi geuza ukate desibeli 3 au 4. Ila usitembeze dakika kumi bwana, ukipandisha hivyo kila sehemu inakera utaishia kukata mpaka kiki yenyewe.

Kwa wale wa 808 (ni mashine ya ngoma, Roland waliitoa 1980 na bado tunaing'ang'ania), ile kiki karibu yote iko chini, juu hakuna kitu cha maana, kwa hiyo ukipandisha kilohezi 3 (yaani hezi 3000) unapandisha hewa. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 50, ndo maana kwenye simu inapotea. Weka distosheni kidogo (ile ya kukwaruza sauti) au bandika juu yake kiki nyingine fupi yenye "tk", hapo ndo ikwalaiza itapata cha kushika.

Snea, ile ngoma ya kuchapa "ka", mwili wake uko kwenye 200 hivi, ule mchapo uko kilohezi 2 mpaka 5, usiguse sana. Hai-hati, vile visahani vya "ts ts", kata kila kitu chini ya 300, na ikichoma masikio shusha volyumu kwanza kabla hujakimbilia ikwalaiza, wengi wanaruka hapo.

Kitu kingine, ukipandisha chochote sauti inakuwa kubwa na sikio linaona imekuwa tamu. Linganisha volyumu kabla na baada, zima washa zima washa, kama huoni tofauti futa.

Ya dogo tulifuta yote tukaanza upya, tukakata sehemu tatu tu na hatukupandisha kitu. Sasa anatafuta konda wa kumpigia, nimemwambia akae siti ya nyuma kabisa, na asimwambie mtu ni ya kwake.