Muulize Fundi: Cheche ndani ya EZ81

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi amplifaya ya valvu (taa za kioo zinazopata moto) ya marehemu babu, yenye EL84 mbili za kukuza sauti na EZ81 ya kunyoosha umeme. Ilikuwa ikinguruma, fundi mmoja akatoa kapasita ya kwanza baada ya EZ81 (kitunza chaji) ya maikrofaradi 50 akaweka ya 220. Mngurumo umepungua, lakini umeme ukikatika na kurudi, EZ81 inapiga cheche za buluu. Niing'oe nifunge dayodi? Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Usiiwashe tena kwanza.

EZ81 hairuhusiwi kapasita ya kwanza inayozidi maikrofaradi 50. Kapasita haijazwi mfululizo. Hujazwa kwa mikupuo, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Ikiwa kubwa, kila mkupuo unakuwa mfupi na mkali, na mkondo wa juu kabisa ambao EZ81 inavumilia ni miliampea 450 tu. Halafu huu umeme wetu wa kanda ya ziwa, mwenyewe unaujua! Ukikatika, EL84 zinanyonya chaji yote iliyobaki. Ukirudi baada ya sekunde chache, EZ81 bado ina moto na kapasita ni tupu. Hapo inabeba mzigo wa ghafla usio wake.

Dayodi siitaki. Volti zitapanda, tena, kwa kuwa dayodi haingoji kupata moto, zitafika kwenye EL84 kabla EL84 zenyewe hazijapata moto. Kama transfoma yako ni ya volti 250, kilele chake ni volti 353, wakati anodi ya EL84 (sehemu inayopokea volti hizo) mwisho wake ni 300.

Toa kapasita ya 220, weka ya maikrofaradi 47. Baada yake funga rezista ya omu 220, wati 5, kisha kapasita ya maikrofaradi 100 ya volti 450. Rezista itakula volti 17 hivi mzigo ukiwa miliampea 80, lakini mngurumo wa hezi 100 utapungua karibu mara 14. Hiyo kapasita ya 220 uliyowekewa iweke kabatini.

Ukibaki mvumo mzito zaidi, huo ni wa hezi 50: kagua waya za hita (zinazopasha valvu moto), zisokotwe pamoja.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi, tuliza kila kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye mpini wa plastiki, kisha pima. Mita ikisoma zaidi ya volti 10, rudia.