Ukoo wa mume wangu umekwama mwaka 1870: nifanyeje?

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani mweusi, na upande wa mama yake ni watu wa Lowndes County, Alabama. Kwa ajili ya watoto wetu nimefuata sensa kurudi nyuma hadi 1870, nikamkuta babu wa babu yake, mkulima, pamoja na mke na watoto. Kabla ya hapo simwoni. Sensa ya 1860 haina jina lake, wala ya 1850. Je, utafiti ndio umeishia hapo? – Msomaji, Atlanta

JIBU: Hapana, dada, haujaishia. Umefika mahali ambapo koo nyingi mno za Wamarekani weusi wa Kusini hukwama, kwa sababu sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Mwaka 1850 na 1860 watumwa walihesabiwa kwenye orodha ya peke yao: jina la mmiliki, kisha chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtu. Majina yao hayakuandikwa. Inauma kusema hivi mbele ya wajukuu, lakini kuanzia sasa umtafute aliyemmiliki babu, maana habari za babu zimo ndani ya makaratasi ya mwenye shamba.

Utamjuaje huyo mmiliki? Rudi kwenye ukurasa uleule wa 1870 na usome kurasa kadhaa kabla na baada yake. Karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba, na wengi walioachiwa huru walikuwa bado wanalima karibu na shamba lao la zamani. Andika kila mzungu wa jirani mwenye ardhi ya thamani kubwa, kisha uone kama alikuwa na watumwa mwaka 1860, na kama kati yao yupo mwenye umri na jinsia inayolingana na babu. Jina la ukoo lisikufunge. Wapo waliochukua jina la bwana wa mwisho, wapo waliobaki na la bwana wa zamani zaidi, na wapo waliojichagulia lao.

Sensa ya 1880 inakusaidia kwa jambo moja kubwa: inataja wazazi wa kila mtu walizaliwa jimbo gani. Wazazi wa babu wakiwa wa South Carolina, mwangalie kwa makini jirani mwenye shamba aliyetoka South Carolina pia, maana wenye mashamba walihamia Alabama na watu wao. Hiyo ni dalili tu, si ushahidi. Wengi waliletwa na wafanyabiashara na kuuzwa kwenye soko la Montgomery.

Kati ya 1865 na 1870 zipo nyaraka mbili nisizoziruka kamwe. Ya kwanza ni za Freedmen's Bureau, idara ya serikali iliyoundwa Machi 1865 kuwasaidia walioachiwa huru. Humo mna mikataba ya kazi, mwenye shamba upande mmoja na orodha ya wafanyakazi upande wa pili, wengi wakiwa wametia alama ya X, na mara nyingi mwajiri ndiye aliyekuwa bwana wao. Ya pili ni daftari la wapiga kura la Alabama la 1867, ambalo hifadhi ya nyaraka ya jimbo, iliyoko Montgomery, imeliweka kwenye mtandao. Wanaume weusi wa miaka 21 na zaidi wamo humo, pamoja na eneo walilojiandikisha. Waonyeshe watoto jina hilo likipatikana: mwanzoni mwa 1965, katika kaunti hiyohiyo ya Lowndes ambayo wengi wa wakazi wake walikuwa weusi, hakuna mweusi hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari.

Ukishapata mmiliki au wawili wa kushuku, nenda kwenye mirathi. Hapa ndipo majina yalipo. Mwenye watumwa alipofariki, mahakama iliagiza mali yake iorodheshwe, na watumwa waliandikwa kwa jina, pengine na umri, na bei kwa dola. Mara nyingi mama huandikwa pamoja na watoto wake wadogo. Baadaye hufuata hati ya mgawanyo: nani amekwenda kwa mrithi yupi. Usisahau mke wa mwenye shamba. Watumwa wengi walifika kwenye shamba kama urithi wake kutoka kwa baba yake, kwa hiyo wosia wa baba mkwe huenda ndio wenye jina unalolitafuta.

Vitabu hivyo viko kwenye ofisi ya mirathi mjini Hayneville, makao ya kaunti. Kabla ya kufunga safari, fungua akaunti ya bure ya FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo. Tangu 2024 ina utafutaji unaosoma maandishi ya mkono ndani ya hati za ardhi na mirathi, kwa hiyo unaweza kuandika jina la mmiliki pamoja na jina la kwanza la babu. Ukikosa, pekua picha ukurasa kwa ukurasa. Ukipiga simu Hayneville, taja jina kamili la marehemu na miaka unayoitaka, na uulize pia kuhusu makaratasi yasiyojalidiwa. Kumbuka kwamba Lowndes iliundwa 1830 kutoka kaunti za Montgomery, Dallas na Butler. Hati za kabla ya hapo ziko huko.

Ukiipata orodha yenye jina lake, nakili yote, si mstari wake peke yake. Kisha linganisha majina hayo na majirani weusi wa 1870. Wakijirudia watano au sita, wenye umri unaolingana, hapo ndipo utakapoweza kuandika kwa uhakika jina la mama yake babu, ikiwa orodha imewaandika pamoja.